Goti la Wifi

Mama yangu alikuwa mkatili. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nimeteleza ulimi mahali fulani katikati. Siku tuliyomzika, watu walisimama mmoja mmoja kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo huko Kilema, wakasema alikuwa mwanamke wa shoka, mama wa mfano, mtu ambaye jua halikuwahi kumkuta kitandani. Yote hayo ni kweli. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa ameketi benchi la mbele, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu haukunjiki. Hakuna aliyemtaja, na yeye hakulia.

Kazi yangu ni magoti. Watu wakiniuliza nafanya nini hospitalini nikawajibu hivyo, hucheka, wakidhani natania. Sitanii. Kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kuuliza kwa nini gegedu hulika. Zamani jibu lilikuwa jepesi: uzee. Mtu akizeeka anachakaa kama kiatu, basi. Sikulipenda jibu hilo tangu mwanzo, maana nimewashika mabibi wakongwe wenye magoti yaliyotulia, na nimewashika kina mama wanaonyonyesha wenye magoti yasiyowapa usingizi. Tofauti yao unaipata kwa kiganja kabla ya kipimo chochote. Goti lililochakaa kwa amani ni gumu na la baridi. Goti baya lina joto. Joto lile maana yake mwili unapigana vita ndani ya kiungo, na vita ikikaa sana, askari huanza kula nyumba waliyokuja kuilinda.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimerudi kutoka masomoni. Nilipewa chumba nyuma ya maabara ya hospitali moja mjini Moshi, chenye friji lililozimika kila umeme ulipokatika. Nilitakiwa nichague kundi la watu wa kuchunguza. Wenzangu walidhani nitachukua wazee. Nikasema nataka wanawake wanaobeba majani.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa majani ni kitu gani. Mlimani ng'ombe hachungwi. Kihamba ni migomba na kahawa kuanzia mlangoni hadi mpakani, hakuna pa kumpeleka mnyama, kwa hiyo anakaa bandani na chakula chake kinamfuata. Anayekifuata ni mwanamke. Anashuka hadi tambarare asubuhi na mundu na kamba, anakata, anafunga mzigo, anaweka ngata kichwani, anajitwika, kisha anaupanda mlima wote aliokuwa ameushuka. Zamani kahawa ilipokuwa na bei, ng'ombe alikuwa wa maziwa ya watoto na samadi ya migomba. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi wakaja kila rangi, bei ikashuka hata wanaume wakaanza kung'oa mibuni usiku wasionekane na baba zao. Maziwa yakawa ndiyo ada ya shule, ndiyo sabuni, ndiyo dawa, maana na hospitali nazo zilikuwa zimeanza kutoza. Ng'ombe wakaongezeka na shingo zikabaki zile zile.

Mimi mwenyewe sikuwahi kubeba. Mama alinikataza. Nilipokuwa shule ya msingi shangazi mmoja alimuuliza mbele yangu, inakuwaje binti mkubwa hivi akae na daftari wakati mama yake anapanda na mzigo. Mama akamjibu kwamba kichwa cha huyu kina kazi nyingine. Akabeba sehemu yake na sehemu yangu kwa miaka yote ile. Nalitaja hili kwa sababu ni haki yake litajwe.

Sasa wifi. Mdogo wangu ni kitinda mimba, na kwetu nyumba ya wazazi huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Anayeolewa naye basi anarithi nyumba pamoja na mama mkwe aliyemo. Mdogo wangu alikuwa mtu mpole, mzuri wa sura, mwoga. Aliuza mitumba Moshi mjini, akapanga chumba huko, akawa anapanda nyumbani Jumamosi na mkate mkononi kama mgeni. Mke alimtoa Kibosho. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na wiki ya kwanza aliimba jikoni tangu anawasha moto hadi anauzima.

Mama alimsikiliza akiwa kibarazani. Akaniambia, "Huyu anaimba kama aliyekuja kutembea."

"Mama, si bibi harusi? Mwache afurahi."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Hata siku ya tatu hakuingoja. Alimtundikia mundu na kamba kwenye msumari wa mlango wa jikoni, na kuanzia siku hiyo mama mwenyewe hakukanyaga tambarare tena. Magoti yalikuwa yamemchosha, hilo halina ubishi. Lakini alistaafu akawa msimamizi, na Mungu amnusuru mtu na msimamizi aliyewahi kuifanya kazi yenyewe. Wifi akifika na mzigo, hata hajautua, mama anaukandamiza kwa kiganja. Ukibonyea anasema huu ni upepo, umebeba upepo. Alikuwa anavuta kamba, majani yanamwagika uani, na wifi anarudi kando ya mfereji kuongeza. Niliona jambo hilo kwa macho yangu wifi akiwa na mimba kubwa. Niliposema kitu mama alinigeukia akaniambia, "Mimi nilibeba ndugu yako tumboni na wewe mgongoni. Nani alinipokea mzigo?" Nilitaka kumjibu kwamba kama hakuna aliyempokea, basi angejua inavyouma. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikanyamaza, maana ukibishana na mama mkwe wa mtu, jioni anayelipa si wewe.

Wifi aliacha kuimba. Baada ya mtoto wa pili akaanza kuchechemea. Mama hakukosa la kufanya na hilo pia. Siku moja palikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, nyumbani, majirani wamejaa, wifi akapita na chungu kuelekea mgombani. Mama akainuka, na yeye mwenyewe ana magoti mabovu, akatembea nyuma yake akiiga ile hatua, bega moja chini, tako moja juu. Watu walicheka. Nilimwona wifi anasikia kicheko, anageuka, anamkuta mama mkwe wake katikati ya hatua. Wifi naye akacheka. Nadhani alicheka kwa sababu alikuwa peke yake. Siku ile nilimchukia mama yangu, na sikuona aibu kumchukia.

Nilipoanza kuzunguka vijijini kuandikisha wanawake kwa ajili ya utafiti, nyumba yetu niliifikia kama nyumba nyingine. Niliwaweka wote wawili kwenye viti vya uani, nikawaomba wapandishe kanga. Nikaanza na mkubwa. Goti la mama lilikuwa na vinundu, limepinda kidogo, linalia likikunjwa kama mlango wa zamani, lakini lilikuwa baridi. Lilikuwa limeshamaliza ugomvi wake. Nikahamia kwa wifi. Kabla kiganja hakijatua nilijua, kwa jinsi ngozi ilivyokuwa imevutika na kung'aa. Lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Nililibonyeza pembeni nikasikia maji yanahama ndani.

"Linauma?" nikamuuliza.

Akamtazama mama kwanza. "Kidogo tu, wifi."

"Anajidai," mama akasema. "Goti la mtu mvivu huvimba kwa kukaa."

Niliwashusha wote wawili Moshi kupigwa picha za eksirei. Mama alifurahi safari ile. Alivaa gauni la Pasaka, akawasimulia watu kwenye gari kwamba binti yake ni daktari na anapelekwa kuchunguzwa. Wifi alikaa nyuma na mtoto mapajani. Wiki iliyofuata nikapanda Jumamosi nikiwa na picha zenyewe, mdogo wangu naye akiwapo. Nikazishika moja moja mlangoni, mwanga ukipita, nikawaeleza: huu mfupa wa paja, huu wa ugoko, na hapa katikati panatakiwa kuwe na nafasi. Ya kwanza ilikuwa na nafasi ndogo. Ya pili haikuwa na nafasi kabisa upande mmoja. Mfupa ulikuwa umekalia mfupa.

Mama alisogea. Akaiangalia ya pili kwa muda, akaweka kidole juu yake, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani. "Hili langu. Mmeona? Angalieni vizuri nyinyi watoto. Hivi ndivyo mlivyokula. Hivi ndivyo mlivyosoma." Akamgeukia wifi. "Na wewe uangalie, ujue maana ya kazi."

Wifi aliangalia kama alivyoamriwa.

"Hilo si lako, mama," nikasema. "Lako ni hili la kwanza. Hilo ni la wifi."

Nimekaa na wagonjwa wengi wakipokea habari mbaya, lakini sijamwona mtu aliyekasirika vile kwa habari njema. Alinipokonya picha, akaigeuza, akatafuta mahali penye maandishi ingawa alijua hawezi kuyasoma bila miwani. Mdogo wangu akamsomea jina. Mama akairudisha kwangu akiishika kwa ncha za vidole. "Kumbe hata ugonjwa wangu ameniibia," akasema.

Mimi nilikuwa na yangu ya kusema, na niliyasema yote. Nikawaambia kwamba goti la wifi linawaka, na kila mzigo unaopandishwa ni kuni juu ya moto huo. Akiacha majani sasa hivi, akapumzika, maji yakavutwa, akapewa dawa za kushusha uvimbe, atatembea hadi uzeeni. Akiendelea, mguu utakaza kabla hajafika umri wa kuitwa bibi. Nilisema sasa, si baada ya mvua, si baada ya ng'ombe kuzaa. Nilimtazama mdogo wangu usoni nikasema hayo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mume.

Mdogo wangu alikuwa anakwangua kucha. Akasema, "Dada, sasa ng'ombe tutamfanyaje?"

Mama ndiye aliyejibu swali hilo. "Kama ameharibika, arudishwe kwao. Mwanangu atafute mzima."

Wifi alikuwa amesimama pale pale, mtoto amemshika kanga. Alisikia kila neno. Kwetu mambo ya namna hiyo husemwa Kichagga chumbani, lakini mama aliyasema Kiswahili tena uani, ili yamfike vizuri yule wa Kibosho ambaye Kichagga chake na chetu havikupatana sana. Sikungoja mashauri zaidi. Nikamwambia wifi afungashe, nikamtoa siku hiyo hiyo yeye na watoto. Mdogo wangu alitubebea begi hadi barabarani, akasema tusalimie huko. Nilitaka kumzaba kibao.

Mjini nikamvuta maji ya goti kwa sindano. Yalikuwa ya njano, mazito, yamejaa chembe za vita, kama nilivyotarajia. Kisha nikampeleka kwa wazazi wake Kibosho, kwenye ile barabara iliyokuwa imekatwa na mvua, tukashuka mara kadhaa kusukuma gari, yeye tu nikamkataza asishuke. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Aliliangalia goti la binti yake, akamletea kiti.

Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Alikuwa akikaa juani na mguu juu ya kigoda, anapepeta mchele, anawasuka wadogo zake. Uvimbe ulishuka. Joto lilipungua, na siku moja niliweka kiganja juu ya goti lile nikakuta joto lake liko sawa na la paja. Nilirudia, maana sikuamini. Nikamwambia, "Wifi, limepoa." Akafunika uso kwa kanga akalia, kisha akaniuliza kama nina hakika. Mara iliyofuata nilipofika nilimsikia anaimba kabla sijafungua lango. Sijawahi kuiona dawa yoyote ikifanya kazi nikafurahi kama nilivyofurahi siku hiyo, na kwa mtafiti hiyo ni aibu kidogo, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa kumwacha mtu akae.

Kilema mambo yalikuwa mabaya. Ng'ombe alikuwa analia bandani kutwa. Mama alijaribu kumlisha vigogo vya migomba, maziwa yakakauka. Mdogo wangu akatafuta kibarua wa kukata majani, mama akaukandamiza mzigo wake kwa kiganja kama kawaida, kibarua akautupa akaondoka. Yule mke mzima aliyesemwa hakuonekana. Wasichana wa jirani walikuwa wameshaona hatua ya wifi ilivyoigwa kwenye mbege.

Ndipo mama akaniita. Nikamkuta kwenye mpaka wa kihamba, kwenye ua la masale, akichagua jani. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachagga hupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu ukataka msamaha, unampelekea jani lake limefungwa fundo, na yule aliyekosewa hawezi kulikataa. Hata kama umemwulia mtu wake. Akilikataa, laana inahama kutoka kwako kwenda kwake na kwa watoto wake. Ndivyo tulivyofundishwa, na nimesoma sana lakini sijawahi kumwona mtu akijaribu.

Mama alifunga fundo akanipa. "Mpelekee wifi yako."

Nikashukuru Mungu, mjinga mimi. Nikamuuliza, "Utamwachisha majani?"

"Nimekupa isale. Mengine ya nini?"

"Mama, unamwomba msamaha kwa lipi?"

"Ng'ombe anakufa njaa," akasema.

Sikulipokea. Niliweka mikono nyuma kama mtoto. Nikamwambia hiyo ni kamba ya kumfungia mtu, si isale, na mimi siipeleki. Mama hakugombana. Alimwita mdogo wangu na baba yetu mdogo, akawapa wao.

Nilitangulia Kibosho ili nimwonye. Nilimwonya sana. Nilimwambia akiliona asishike, aseme anaumwa, aseme chochote. Wanaume wale walifika, wakakaribishwa, wakapewa mtori wa ndizi, wakala. Baba yetu mdogo akasimama akatoa jani lile mfukoni mwa koti, akasema limetoka kwa mama. Baba wa wifi alilitazama lile fundo. Niliona anaelewa kila kitu, na niliona haimsaidii.

Wifi akaniangalia. "Likikataliwa inakuwaje, wifi?"

Kabla sijafungua mdomo baba yake akasema, "Halikataliwi. Una watoto, mwanangu." Wifi akainuka, akapiga goti kwa adabu mbele ya wageni wa baba yake, goti lile lile, akalipokea kwa mikono miwili.

Alirudi Kilema. Nimeambiwa mama alimpikia yeye mwenyewe jioni ile, akampakulia, akamwita mwanangu mbele ya majirani. Asubuhi wifi alipofungua mlango wa jikoni, mundu na kamba vilikuwa kwenye msumari. "Umenisamehe," mama alimwambia, "kwa hiyo yamekwisha. Wahi kabla jua halijakuwa kali."

Nilikwenda nikapiga kelele. Nilimwendea paroko, nikamwendea mdogo wangu mjini nikamtukana mbele ya wateja wake. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile: si alishasamehe? Nami nikaendelea na utafiti wangu, na goti la wifi likawa mojawapo ya magoti niliyoyafuata mwaka hadi mwaka. Niliandika jinsi joto lilivyorudi. Niliandika jinsi lilivyopinda, na jinsi hatimaye lilivyoanza kupoa, si kwa kupona bali kwa kuwa gegedu lilikuwa limekwisha na hapakuwa na kitu kilichobaki cha kupigania. Nilisoma mambo hayo mbele ya wataalamu kwenye kumbi zenye feni, wakapiga makofi. Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Kisha zamu ikageuka, kama zinavyogeuka zamu zote kwa mtu akiishi vya kutosha. Mama aliteleza mferejini akavunjika nyonga, na kwa umri ule mfupa haukushika. Akawa mtu wa kitandani. Wiki ileile wifi alimuuza ng'ombe. Hakumwomba mtu ruhusa, na mdogo wangu, aliyezoea kumwogopa mwanamke mmoja ndani ya nyumba ile, alihamishia woga wake kwa mwingine bila taabu. Wifi alimlisha mama, alimwosha, alimbadilishia shuka. Hakumkosea chochote ambacho jirani angeweza kukisema. Ila kila kitu kilifika kwa wakati wa wifi. Mama akiita, wifi alikuwa anajibu "Naam, mama," kwa sauti nzuri ya kwaya, na haji.

Krismasi ya mwisho ya mama nilipanda kama sisi sote wa mijini tunavyopanda. Mdogo wangu na watoto walikuwa wamekwenda misa. Nilimkuta wifi uani anamenya ndizi. Asubuhi nilikuwa nimemwona anatoka mgombani na mkungu begani na fimbo mkononi, anatembea kwa mguu mkavu kama mti, taratibu, lakini anatembea. Niliweka kiganja kwenye goti lake kwa mazoea tu. Lilikuwa baridi kabisa. Liligoma kukunjika, lakini lilikuwa limeacha kuuma, na linaweza kumsimamisha. Hilo nalijua kama ninavyojua kusoma.

Mama alitusikia akaita maji. Tukaingia chumbani kwake sote wawili. Wifi akakaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo mapajani. Jagi lilikuwa mezani na kikombe kando yake, mahali ambapo mama hafiki. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Maji," mama akasema.

"Naam, mama," wifi akasema, akabaki amekaa.

Mama akanitazama mimi. "Nikatie isale."

Nilikwenda mpakani nikalikata. Alilifunga fundo mwenyewe, na vidole vyake vilikataa mara nyingi kabla havijakubali. Akanyoosha mkono. Nikalichukua nikampa wifi hapo alipokaa, hatua chache tu, na wifi akalipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama alivyolipokea lile la kwanza.

"Nimepokea, mama. Nimekusamehe kwa moyo wote."

"Basi niletee maji, mwanangu."

"Nimekusamehe," wifi akasema. "Kusimama ndiyo siwezi. Goti limekaza leo."

Mama alimwangalia. Alikuwa ametumia miaka mingi kumwambia anajidai, na sasa nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa sahihi. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa bado makali, ndicho kitu pekee ambacho hakikuzeeka. "Wewe ndiye daktari wa magoti," akasema. "Wewe ndiye umelipima. Nakuuliza, nijibu kweli. Hawezi kusimama?"

Wifi hakuniangalia. Alikuwa anakunjua lile fundo la isale polepole na kulinyoosha juu ya goti lake.

"Hawezi, mama," nikasema.

Mama akatazama kikombe, akanitazama mimi niliyesimama kwa magoti yangu mawili mazima, ambayo hayakuwahi kubeba mzigo wa majani kwa sababu yeye alinikataza. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na wifi.